Droni za Polisi na Hoja ya Memori Kadi



Mwenzangu mmoja wa sheria amekuwa akisema, na wengi wakimwitikia, kwamba droni ya polisi isiyorekodi haina kesi ya kujibu. Kama haina memori kadi, ina tofauti gani na askari aliyesimama ghorofani akitazama barabara? Faida za droni sizibishii: kumtafuta aliyepotea, kukagua moto, kufika kwenye tukio kabla ya gari, kama wafanyavyo polisi wa Chula Vista, California, tangu 2018. Hayo mnayajua. Hoja ya memori kadi ndiyo siwezi kuipita.

Ilikwisha kusikilizwa Paris, ikashindwa. Mwaka 2020, Wafaransa wakiwa wamefungiwa majumbani kwa ajili ya korona, polisi wa jiji hilo walirusha droni kuangalia nani anakaidi. Vyama viwili vya kutetea haki, La Quadrature du Net na Ligue des droits de l'homme, vikashtaki. Tarehe 5 Mei mahakama ya utawala ikavikatalia. Vikakata rufaa Conseil d'État, mahakama ya juu kabisa ya utawala, na tarehe 18 Mei ikatoka amri ambayo huwasomesha wanafunzi wangu aya kwa aya, wakipenda wasipende. Serikali ilijitetea vizuri: droni huruka mita 80 hadi 100, lenzi ni pana, kadi hazimo, hatambuliwi mtu. Jaji hakuiita serikali mwongo. Aliuliza swali la fundi: chombo hiki kinaweza kufanya nini? Kinaweza kuvuta picha karibu. Kinaweza kushuka chini zaidi. Ndani yake hamna kinachokizuia. Basi zinazochukuliwa ni taarifa binafsi, na kisiruke mpaka iwepo kanuni iliyopitiwa na tume ya taarifa hizo, au chombo chenyewe kifungwe kisiweze kumtambulisha mtu.

Serikali ikaja na programu ya kutia nyuso ukungu. Desemba 22 ikashindwa tena.

Niruhusuni nichepuke. Katika harusi moja ya ukoo wetu Tanga, mpiga picha alipandisha droni juu ya ua ambamo shangazi zangu walikuwa vichwa wazi wakipakana hina. Walizikimbilia kanga zao! Hakuna aliyeuliza kama kile kidude kinarekodi. Walifika alipofika jaji, bila wakili. Na yule askari wa ghorofani? Unamwona, unamjua, na jioni anarudi kwake.

Sheria ya Ufaransa ya Januari 24, 2022 imeruhusu droni za polisi kwa kibali chenye mipaka, ikakataza kunasa sauti, ikataka picha zisikae zaidi ya siku 7. Si haba. Hata hivyo inategemea utii wa anayeshika rimoti, nami sijabadili msimamo: kufuli likae kwenye chombo. Sheria ya Kenya ya 2019 ya ulinzi wa data tayari inadai ulinzi ujengwe ndani ya mfumo tangu unapobuniwa. Kifungu hicho kikisomwa pamoja na ibara ya 31 ya Katiba, mnunuzi wa droni hana pa kujificha.

Kwa hiyo nawaomba mnaoandaa kanuni, Nairobi na Dodoma: anzeni na zabuni. Andikeni kwanza droni isiweze kufanya nini, kisha ndipo mwandike nani airushe.