Kusoma Fasihi ya Tanzania kwa Mwaka Mmoja: Vitabu Viko Wapi?

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wakutubi, walimu wa Kiswahili na waratibu wa vikundi vya usomaji

Utangulizi

Nikiwa mkutubi, nimeombwa nizungumzie ushiriki katika mashindano ya usomaji yanayohusu fasihi ya taifa moja. Shindano la aina hii sote tunalifahamu. Mshiriki anaahidi kusoma vitabu kadhaa ndani ya muda uliopangwa, anaandika machache kuhusu kila kitabu, na mwishoni anatambuliwa. Lile lililoanzishwa Dubai mwaka 2015 kwa wanafunzi wanaosoma Kiarabu humtaka kila mmoja asome vitabu 50 na kuandika muhtasari wake katika vijitabu vinavyoitwa pasipoti. Sisi tunaomba vitabu 12 tu, kimoja kwa mwezi, vyote vya Tanzania.

Fasihi ya Tanzania ni ipi? Mjadala huo una wenyewe vyuoni. Kwa orodha zetu nimekuwa nikipokea kazi ya Mtanzania kwa lugha yoyote, pamoja na tafsiri yake. Kwa hiyo Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, anaingia, na sasa anasomeka kwa Kiswahili kupitia Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Aniceti Kitereza naye anaingia, ingawa hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliiandika kwanza kwa Kikerewe.

Naomba pia ieleweke kwamba ninayoyasema ni maoni yangu ya kitaaluma, si msimamo wa mwajiri wangu.

Orodha ipo, vitabu havipo

Tatizo nililopambana nalo miaka yote ya kuratibu mashindano haya si uvivu wa wasomaji. Nalitanguliza hili kwa sababu semina nyingi huanza na kauli kwamba Watanzania hawasomi, na kauli hiyo imetuzuia kuzitazama rafu zetu wenyewe. Watu wanajiandikisha: wanafunzi, wauguzi, watumishi waliostaafu, mama lishe mwenye kibanda jirani na maktaba. Mwezi wa kwanza wana ari. Mwezi wa tatu wanarudi kaunta kuuliza kitabu kiko wapi, nami sina cha kuwapa.

Chukueni orodha ambayo mwalimu yeyote wa fasihi angeipanga bila kufungua daftari. Kusadikika ya Shaaban Robert. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Rosa Mistika na Kichwamaji za Euphrase Kezilahabi. Shida ya Ndyanao Balisidya na Hana Hatia ya Martha Mvungi, riwaya mbili za wanawake zilizotoka mwaka mmoja, 1975. Kuli ya Adam Shafi. Nguzo Mama ya Penina Muhando. Sasa mpeni mshiriki karatasi hiyo aende nayo madukani. Vilivyowahi kupata nafasi katika mtaala atavipata, japo kwa kuzunguka. Hivyo vingine muuzaji atamwambia havijaletwa siku nyingi, na riwaya zile mbili za 1975 pengine hazijui hata kwa jina.

Nimewauliza wachapishaji, na jibu lao nalielewa. Gharama ya kila nakala hushuka kadiri idadi inavyopanda, kwa hiyo hawawezi kurudia kitabu ambacho hakina oda. Nimewauliza wanaonunua vitabu vya maktaba; wao huagiza kutoka katika katalogi za wachapishaji, na kitabu kilichokwisha hakimo katika katalogi. Msomaji naye haulizi kitabu ambacho hajawahi kukisikia. Kila mmoja anamngoja mwenzake, na kila mmoja ana hoja ya haki. Matokeo yake ni kwamba kinachobaki sokoni ni vitabu teule vya mtihani. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa kidato cha nne amekutana na orodha fupi ileile: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu, Ngoswe, Kilio Chetu, Wasakatonge na vichache vingine. Sina ugomvi na vitabu hivi, baadhi ninavipenda sana. Lakini mtaala, ambao haukuundwa kwa kazi hiyo, ndio umekuwa ukiamua fasihi ipi ya taifa ibaki hai, na tunapotangaza shindano la fasihi ya Tanzania mshiriki anaishia kurudia alivyosoma shuleni.

Upande wa pili wa uhaba huo ni vijitabu vya uchambuzi. Asipopata riwaya, kijana atapata uchambuzi wake stendi au kwenye duka la vifaa vya shule kwa bei nafuu. Hapo nahesabiwa vitabu 12 na mtu ambaye hajafungua hata kimoja. Ripoti zake zinajulikana kwa macho: dhamira, migogoro, ujumbe, matumizi ya tamathali, kisha kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Waratibu wengi huwakemea vijana hawa. Mimi nimeacha, kwa kuwa kumkemea mtu kwa kutosoma kitabu ambacho maktaba yangu haina ni kumdhulumu.

Na pale kitabu kinapokuwepo, kwa kawaida ni nakala moja. Mwaka mmoja kikundi kilisoma Kichwamaji kwa kupokezana nakala ambayo kurasa zake za mwisho zilikuwa zimechanika. Tulikaa kuijadili riwaya hiyo, wengi wetu tukiwa hatujui inaishaje. Walioshiriki siku ile walitoa mawazo mazito kuliko nilivyotarajia. Nimeendelea kujiuliza wangesema nini wangekuwa na kitabu kizima.

Kuna na suala la haki. Vitabu vyetu vingi vya zamani vilitolewa Nairobi: Mzimu wa Watu wa Kale, kazi iliyoshinda shindano la uandishi wa hadithi la 1957–58, ilitolewa na East African Literature Bureau mwaka 1960, na ofisi hiyo ndiyo iliyotoa Rosa Mistika mwaka 1971. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ofisi hiyo nayo ilikufa. Mwandishi akifariki, warithi wametawanyika. Kampuni ikifungwa, mikataba haionekani. Kutokujua wa kumwomba ruhusa kumezuia vitabu vingi kuliko ukosefu wa fedha. Kitereza alimaliza hadithi yake mwaka 1945, ikachapwa 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Nikisikia tena kwamba suala la kitabu fulani "linashughulikiwa", huwa nakumbuka miaka hiyo 35.

Natambua juhudi zilizopo, na si ndogo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, imefungua mlango kwa miswada mipya. Lakini tuzo humhudumia mwandishi anayeandika leo. Kichwamaji, kitabu cha 1974, hakina wa kukiombea.

Mapendekezo

Orodha ya shindano itangazwe baada ya kuhakikisha vitabu vinapatikana, kamwe isitangulie. Mratibu apige simu kwa wachapishaji na wauzaji, ahesabu nakala za maktaba yake, ndipo abandike tangazo. Kitabu kisichofikia walau nakala moja kwa washiriki watano kisubiri mwaka unaofuata, na jina lake lipelekwe kwa wachapishaji likiwa na idadi ya waliokiomba.

Hilo la idadi nalisisitiza. Kila maktaba iwe na daftari la vitabu vilivyoombwa vikakosekana, na madaftari ya mikoa yote yajumlishwe mara moja kwa mwaka. Mchapishaji anayesema hakuna oda aonyeshwe oda. Mitambo ya sasa inaweza kuchapa nakala chache chache, hivyo maktaba kadhaa zikiungana kuagiza kitabu kimoja, hoja ya gharama inapungua.

Ofisi ya Hakimiliki isaidie kuweka rejista ya wenye haki za vitabu vilivyokwisha, ikianza na vile vilivyotolewa Nairobi, kwa kushirikiana na wenzetu wa Kenya. Warithi walipwe, hakuna anayependekeza kuwapora.

Nakala zinazowasilishwa Maktaba Kuu kwa mujibu wa sheria zinalindwa kwa kusomewa ndani tu, na ni sawa zilindwe. Naomba zitumike kama chanzo cha kuchapa upya, kwa ruhusa ya wenye haki, ili nakala pekee iliyosalia isiwe kitu cha kutazamwa.

Ripoti za washiriki zisidai dhamira na migogoro. Mwulizeni msomaji ni ukurasa gani aliusoma mara mbili na kwa nini, au ni mhusika gani angemkaribisha kwake. Maswali hayo hayana majibu stendi. Lakini yatafaa tu kama kitabu kipo, na narudia: orodha isitangulie vitabu.

Angalau vitabu vinne kati ya 12 viwe nje ya vitabu teule, na viwili kati ya hivyo viwe vya waandishi wanawake. Walimu wasitumie shindano kama maandalizi ya mtihani, hata wakuu wa shule wakiomba. Maktaba isiyo na uwezo ianze na vitabu sita badala ya 12.

Mwisho, naiomba semina hii, kabla ya kufungwa leo jioni, ichague kitabu kimoja kisichopatikana, kila aliyepo aandike idadi ya nakala ambazo taasisi yake inaweza kuagiza, na karatasi hiyo ipelekwe kwa mchapishaji Jumatatu. Mimi napendekeza Shida ya Ndyanao Balisidya, na natanguliza oda yetu ya nakala kumi.