Hotuba juu ya Hifadhi ya Nyaraka katika Chuo Kikuu

(Ilisomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimeombwa niseme machache juu ya nyaraka zinazohifadhiwa katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pengine mmoja wenu atauliza, Mambo hayo yatuhusu nini sisi makarani? Nawaombeni mnivumilie, kwa maana mwisho wa maneno yangu nina hoja nitakayoiweka mbele yenu mpate kuiamua.

Kwanza yafaa tutofautishe maktaba na hifadhi ya nyaraka. Kitabu kilichopigwa chapa kikipotea hapa, chaweza kupatikana mahali pengine. Lakini barua, au daftari la mikutano, au utenzi ulioandikwa kwa mkono, mara nyingi ni mmoja tu ulimwenguni. Mchwa wakiula, umekwisha.

Chuo hicho kilianza mwaka wa 1961, nacho kikawa Chuo Kikuu chenye kujitegemea mwaka wa 1970. Katika Maktaba yake imo sehemu ya mambo ya Afrika ya Mashariki, na humo zimewekwa karatasi za Hans Cory, mzaliwa wa Austria, aliyeifanyia serikali ya Tanganyika kazi ya kuchunguza mila na sheria za makabila. Kitabu chake juu ya sheria na desturi za Wasukuma kilitoka mwaka wa 1953. Kitabu hutuonyesha yale mwandishi aliyoyachagua. Karatasi zake zaweza kutuonyesha hata yale aliyoyaacha.

Tena Chuo kina hati za Kiswahili, nyingine zimeandikwa kwa harufi za Kiarabu, pamoja na kanda za sauti. Bwana J. W. T. Allen alifanya kazi kubwa ya kuzikusanya, na orodha aliyoitengeneza ilipigwa chapa huko Leiden mwaka wa 1970. Bila orodha, mali ya namna hii ni kama faili lisilo na nambari: limo ofisini, wala hakuna awezaye kulitoa.

Ama juu ya kazi ya watunzaji, sisi tutaifahamu upesi kuliko watu wengine. Sheria yao ya kwanza ni kutochanganya karatasi za mtu huyu na za mtu yule. Ya pili ni kuziacha katika utaratibu aliouweka mwenyewe, maana utaratibu huo nao ni ushahidi. Kisha huandika orodha, na karatasi huzitia katika masanduku mbali na unyevu, jua na wadudu. Msomaji huzisomea palepale. Haruhusiwi kuzichukua nyumbani, na katika hifadhi za namna hii huandika kwa kalamu ya risasi, kwa kuwa doa la wino halifutiki.

Wanafunzi nao hupata faida. Mwaka wa 1973 kilitoka kitabu cha maisha ya Watanzania mbalimbali kilichosimamiwa na John Iliffe, na mmoja wa watu wanaoelezwa humo ni Martin Kayamba. Huyu alikuwa karani kama sisi, naye ndiye aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali mjini Tanga mwaka wa 1922. Twamjua leo kwa sababu aliandika habari zake mwenyewe, zikapigwa chapa mwaka wa 1936. Makarani wangapi walioketi naye mikutanoni hawakuacha hata ukurasa mmoja?

Sasa nina jambo la kuungama. Katika ofisi moja niliyofanya kazi zamani tuliamriwa kusafisha chumba cha nyuma, kwa kuwa mgeni mkubwa alikuwa anakuja. Mimi mwenyewe niliyabeba madaftari ya mishahara, nikayatia moto. Haukupita mwaka akaja mzee mmoja, aliyepata kuwa tarishi, akitafuta ushahidi wa miaka yake ya kazi. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Nitafutie jina langu tu." Nikampa kiti, nikajifanya ninatafuta kabatini, na huku nikijua jina lake lilikokwenda. Aliondoka mikono mitupu, wala sikuthubutu kumweleza.

Wala msidhani ya kuwa hifadhi kubwa haipatwi na maafa. Tarehe 18 Aprili 2021 moto uliotoka mlimani uliunguza maktaba ya Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town, vikateketea vitabu vingi vya mambo ya Afrika. Milango ya kuzuia moto ilifunga, ikaziokoa sehemu nyingine. Kisha watu wengi wakajitolea kuzitoa karatasi zilizolowa maji. Zilizookolewa ziliokolewa kwa sababu palikuwa na matayarisho. Je, madaftari yetu yaliyo chini ya kitanda cha Mtunza Hazina yana matayarisho gani?

Basi, hoja yangu ni hii: madaftari ya mikutano ya chama chetu, na barua zake, tuombe yapokewe katika hifadhi ya Chuo Kikuu. Sisemi mafaili ya serikali. Hayo si mali yetu, na yana idara yake kwa sheria ya mwaka wa 2002. Nasema yaliyo yetu. Kwanza tufanye orodha. Tubaki na nakala. Na mambo ya siri za wanachama, kama vile mikopo na magonjwa, tupatane kwa maandishi yafungwe miaka mingapi.

Najua wako watakaosema ya kuwa humo mna magomvi yetu na hesabu zisizolingana. Ni kweli, na saini yangu imo katika baadhi yake. Hata hivyo naomba yaende yote, bila kung'olewa ukurasa.

Bwana Mwenyekiti, naiweka hoja hii mbele ya mkutano.