Waliobisha Hodi Rhonda

Leo tuko Nakuru, lakini hatupandi Menengai wala hatuendi kutazama flamingo. Tunatoka katikati ya jiji, tunaelekea magharibi, upande wa Kaptembwa, mpaka Rhonda, mtaa unaoteremka kuelekea ua wa Mbuga ya Ziwa Nakuru. Nataka tuzungumze juu ya wamisionari waliofanya kazi kwa maskini wa pande hizi, na hasa juu ya siku zao za kawaida. Jumapili tunaijua wote. Je, Jumanne ilikuwaje? Nani alibisha hodi, nani alifungua mlango, na ndani kulitokea nini?

Tarehe kubwa tuzitaje upesi. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Wamarekani wa Africa Inland Mission walianzisha kituo cha Kijabe, ukingoni mwa Bonde la Ufa, mwaka 1903. Waanglikana waliunda Dayosisi ya Nakuru mwaka 1961 chini ya Askofu Neville Langford-Smith, mmisionari kutoka Australia. Jimbo Katoliki la Nakuru lilizaliwa mwaka 1968, likasimamiwa mwanzoni na Denis Newman wa Shirika la Mtakatifu Patrick, wale mapadri wa Ireland wanaojulikana kwa jina la Kiltegan, kijiji shirika lao lilikoanzia. Mwaka 1971 akapokea jimbo Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, akalichunga kwa miaka 25.

Sasa itazame hiyo miaka kwa makini. Reli ilipita Nakuru mwaka 1900. Dayosisi ya kwanza yenye jina la Nakuru ikaja miaka 61 baadaye. Kwa nini? Kwa sababu Nakuru ilikuwa mji wa masetla. Ardhi yote nzuri iliyouzunguka ilitengwa kwa Wazungu, na Mwafrika aliishi humo kama kibarua au skwota, kwenye shamba la mtu mwingine, kwa ruhusa ya mtu mwingine. Misheni kubwa zenye shule na hospitali zilijengwa zaidi kule kwenye maeneo yaliyoitwa ya wenyeji: Kikuyu, Maseno, Nyeri, Kakamega. Mkamuaji wa ng'ombe wa Njoro au mvunaji wa pareto wa Molo hakuwa huku wala kule. Aliyetaka kumfundisha mtoto wake kusoma alianza kwa kumwomba mwenye shamba. Hili ni doa katika historia ya umisheni wa Bonde la Ufa, na ni wajibu wetu kulitaja kabla ya sifa.

Baada ya uhuru mwaka 1963 watu walimiminika mjini. Waliotoka mashambani, waliokosa ardhi kwenye skimu za makazi, waliosafiri kutoka Busia, Siaya, Kisii na Murang'a kutafuta kazi viwandani, walihitaji chumba cha bei nafuu karibu na mji. Rhonda ikawa mtaa wa ploti. Msikilizaji aliyeishi kwenye ploti hahitaji kuelezwa: vyumba vya mabati au matofali vinatazamana, uwanja mwembamba katikati, kamba za nguo, bomba moja linalofunguliwa kwa saa zake, na choo cha wapangaji wote kwenye pembe. Na choo chenyewe ni taabu ya pekee, maana udongo wa Nakuru ni wa majivu ya volkano. Shimo lisilojengewa kuta hubomoka. Mvua kubwa ikinyesha, ardhi ya pande hizi za magharibi mwa jiji huweza kutitia ghafla, shimo likafunguka pale ulipopita jana.

Mgeni aliyetoka Ireland, Uingereza au Marekani kuja kufanya kazi humu alikuta kwamba mafunzo aliyopewa nyumbani hayakutosha hata kwa wiki moja. Lugha ilikuwa Kiswahili, hakuna njia ya mkato. Kwenye ploti moja utamkuta Mluhya, Mkikuyu, Mjaluo, Mkisii, Mkalenjin na Mturkana. Padri wa kijijini aliweza kujifunza lugha moja ya wenyeji ikamtosha maisha. Wa Rhonda alilazimika kujua Kiswahili cha kuulizia bei ya sukuma wiki, cha kumsikiliza kijana aliyefukuzwa kazi, na cha kukaa matangani. Kukaa matangani ni kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mtu akifariki Rhonda, familia yake inataka kumrudisha nyumbani, na nyumbani ni mbali. Kuna jeneza, kuna ada ya mochari, kuna gari la kwenda Bondo au Bumula. Kila jioni majirani wanaketi kwenye viti vya plastiki, mweka hazina anaandika michango kwenye daftari la mistari: mia, mia mbili, hamsini. Sista au pasta aliyeketi hapo mpaka saa tatu usiku, akatoa mchango wake kama wengine na jina lake likasomwa kwa zamu yake, alikuwa amefungua mlango ambao mahubiri pekee yasingeufungua.

Hapa nataka kulitaja jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii. Mwaka 1973, na tena mwaka 1976, maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi wakaamua kwamba msingi wa kanisa uwe jumuiya ndogo ndogo: kaya chache za majirani wanaokutana nyumbani kwao, wanasoma Neno, kisha wanaulizana hali. Uamuzi huo uliigeuza kazi ya mmisionari. Kabla yake, yeye ndiye aliyejua nani mgonjwa, na hakuweza kuwajua wote. Baada yake, mama wa jumuiya alijua kabla ya jua kuchomoza. Alijua chumba namba sita hawajawasha jiko tangu juzi. Alijua mtoto wa chumba namba mbili amerudishwa kutoka shule kwa kukosa sare, na kwamba mama yake anaona haya kusema. Mgeni akawa mtu wa kuitwa, na aliyemwita ni jirani. Makanisa mengine nayo, Waanglikana, Africa Inland Church na Wapentekoste, yana vikundi vyao vya akina mama na maombi ya nyumba kwa nyumba, na kazi ikafuata mkondo ule ule.

Thamani ya mpango huo ilionekana ukimwi ulipokuja. Serikali ya Kenya ilitangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa mwezi Novemba 1999, lakini kwenye ploti watu walikuwa wameshazika kwa miaka mingi. Dawa za kupunguza makali zilikuwa ghali kupita uwezo wa kibarua. Hospitali zilijaa, wagonjwa wakarudishwa nyumbani, na nyumbani ni chumba kimoja chenye kitanda kimoja. Hapo ndipo walipoingia wahudumu wa nyumbani, wengi wao wanawake wa mtaa huo huo wasio na mshahara. Mhudumu alifika asubuhi na kikapu: sabuni, glovu, dawa ya maumivu, unga wa uji. Aliwasha jiko, akapasha maji, akamwosha mgonjwa aliyekwisha kuwa mwepesi kama mtoto, akabadilisha shuka, akafua lile lililotolewa, akaanika. Kisha akaketi akamlisha uji kwa kijiko, polepole, huku akimsimulia habari za sokoni. Masista Wafransiskani walifungua kituo cha Love and Hope hapa Nakuru kwa ajili ya watu wanaoishi na virusi na familia zao. Masista hao wanastahili heshima yote. Lakini mkono uliokamua shuka lile ulikuwa, mara nyingi, mkono wa mama wa Rhonda aliyekuwa na wanawe wa kulisha.

Yapo ambayo hayakwenda vizuri. Chukua mpango wa kudhamini mtoto mmoja mmoja, unaopendwa sana na wafadhili wa ng'ambo. Mtoto mmoja anapata sare, viatu, karo na barua yenye picha kila Krismasi. Ndugu zake watatu wanaolala naye kitanda kimoja hawapati. Nani amfariji huyo wa pili akimwona kaka yake akivaa viatu vipya? Mashirika kadhaa yalikuja kulitambua hilo yakaanza kusaidia kaya nzima, na naamini ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo. Umaskini wa ploti ni wa kaya. Hauchagui mtoto mmoja.

Sasa nikupeleke kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote katika historia hii, nalo linahusu maji na meno. Bonde la Ufa ni nchi ya volkano, na maji yanayochotwa chini ya miamba yake yana madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango kisizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya bonde vinapita hapo. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yanaundwa huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa kupiga mswaki. Akiendelea kuyanywa miaka mingi, na kiwango kikiwa kikubwa, mifupa huuma na kukakamaa, wengine hupinda. Na ushauri ambao kila mmisionari, kila mwalimu na kila muuguzi aliutoa miaka yote, chemsha maji, kwa floraidi haufai kitu. Ukichemsha, maji yanapungua na floraidi inabaki, basi inazidi kuwa nzito.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Jimbo Katoliki la Nakuru lilianzisha kazi ya kuondoa floraidi, na dawa yake ilikuwa mifupa ya ng'ombe. Hebu fikiri. Floraidi huharibu mifupa yetu kwa sababu mfupa unaivuta. Basi kwa nini usiitegee mfupa mwingine kabla haijamfikia mtoto? Mifupa ilikusanywa, ikachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo ili iwe mkaa badala ya majivu. Moto wenyewe ulitaka ustadi. Ukipungua, mkaa unabaki na mafuta, maji yananuka na kuchukiza. Ukizidi, mfupa unakuwa mweupe na kupoteza nguvu ya kunasa floraidi. Baada ya hapo mkaa ulipondwa, ukachekechwa, ukaoshwa, ukajazwa kwenye ndoo yenye bomba chini. Mama anamimina maji juu, yanapita taratibu kwenye chembe nyeusi, anakinga chini maji ya kunywa. Baada ya muda mkaa unashiba, na lazima ubadilishwe. Wataalamu wa taasisi ya maji ya Uswisi iitwayo Eawag walishirikiana na jimbo kutafuta namna ya kuufanya udumu zaidi. Palikuwa na maswali ya haki pia: Mwislamu aliuliza mifupa ni ya mnyama gani na amechinjwaje, Mhindu asiyekula nyama aliuliza kama atakunywa maji yaliyopita kwenye mfupa wa ng'ombe. Maswali hayo yalihitaji majibu ya heshima, kwa sababu maji ni ya kila mtu.

Kwangu mimi huo ni umisheni kamili. Ulianza na kinywa cha mtoto anayeona haya kucheka, ukaenda mpaka machinjioni na maabara, ukarudi jikoni kwa mama ukiwa ndoo.

Siwezi kuondoka Rhonda bila kufika Januari 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi. Mapema zaidi, mwaka 1992, damu ilipomwagika Molo na Olenguruone katika mapigano ya kikabila, Askofu Ndingi alikemea waziwazi mbele ya serikali, na jimbo likawabeba waliofukuzwa. Lakini mwisho wa Januari 2008 moto uliingia mjini kwenyewe. Rhonda na Kaptembwa zilikuwa kati ya mitaa iliyoumia zaidi. Amri ya kutotoka nje ikatangazwa, wanajeshi wakaingia barabarani, na maelfu wakakimbilia Uwanja wa Maonyesho na Uwanja wa Afraha. Majirani waliokuwa wakisali chumba kimoja walijikuta pande mbili. Jumuiya nyingine zilivunjika, watu wakahamia mitaa ya kabila lao. Na wapo waliomficha jirani chini ya kitanda, wakasimama mlangoni wakasema humu hakuna mtu. Makanisa yaliyopeleka unga, mablanketi na mahema kambini yalirudi baadaye kwenye kazi ngumu zaidi ya kuwaketisha watu hao pamoja tena, ploti kwa ploti. Kazi hiyo haikuisha mwaka huo, wala uliofuata.

Wamisionari wa Ireland wamezeeka, wengi wamerudi kwao au wamezikwa hapa. Shirika la Mtakatifu Patrick lenyewe sasa lina mapadri Waafrika, na Mkenya anatumwa nchi za watu kujifunza lugha ngeni kama yule Mwairishi alivyokuja kujifunza Kiswahili. Majina ya maaskofu niliyoyataja leo nimeyapata kwa urahisi, yameandikwa. Ya akina mama wa kikapu hayakuandikwa. Kwa hiyo, msikilizaji wa Rhonda, Kaptembwa, Mwariki na kwingineko: kama mama yako, shangazi au jirani alikuwa mhudumu wa nyumbani miaka ile, mketishe leo umwulize alianza lini, alitembelea ploti zipi, na nani alimfundisha. Andika kwenye daftari kwa jina lake kamili, kisha, akikuruhusu, utuletee hapa studioni. Kipindi kijacho tutaanza na majina hayo.