Kinyago Hakichezi bila Ngoma: Wahakiki Mbele ya Bayek na Zau
Mhadhara wa umma, Msimbati, Mtwara

Tarehe 23 Aprili 2024 ilitoka gemu ya Tales of Kenzera: ZAU, na haikuchukua muda wahakiki wengi wakakutana kwenye hukumu moja, ingawa kila mmoja aliiandika kwa maneno yake: hadithi inagusa moyo, uchezaji umepwaya. Walisifu rangi. Walisifu muziki wa Nainita Desai. Kisha zikaja lawama: mapigano yanajirudia, aina za maadui ni chache, ramani haina vichochoro vya kutosha, miiba inaua papo hapo. Alama zikajumlishwa, na gemu ikaachwa katikati, si ya kutupwa wala si ya kushangiliwa.

Mhadhara huu haugombani na alama hizo. Unagombana na utaratibu uliozizaa, ule wa kuiweka hadithi kwenye safu moja na uchezaji kwenye safu nyingine, halafu kila safu ikapewa hesabu yake.

Habari za awali zinafahamika na wengi. Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, alianzisha Surgent Studios na kuitengeneza gemu hii kutokana na msiba wa baba yake. Zau ni mganga kijana anayepatana na Kalunga, mungu wa mauti: Zau amletee roho kubwa tatu, naye Kalunga amrudishie baba. Zau ana barakoa mbili za baba yake, ya jua kwa kupigana karibu kwa moto, na ya mwezi kwa kushambulia kutoka mbali. Anayetaka anaweza kuyasikia mazungumzo yote kwa Kiswahili, na mhadhiri anasihi kila mtu wa pwani hii afanye hivyo.

Katika lawama zote, moja inastahili kujibiwa kwa urefu, nayo ni kwamba Zau alinyimwa nafasi. Wenye rai hii husema msiba mkubwa unahitaji nchi kubwa. Kama Salim angetengeneza gemu ya ulimwengu wazi, mchezaji akatembea atakako na kupanda levo apendavyo, hadithi ingepata mwili. Rai hii ina mvuto kwa sababu Salim huyo huyo ndiye sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins ya Ubisoft Montreal, iliyotoka Oktoba 2017. Hiyo ndiyo gemu iliyouhamishia mfululizo wake kwenye ulimwengu wazi wa vitendo, uhusika na levo, tena kwa ukubwa usio wa kawaida: jangwa, delta ya Nile, Alexandria, Memphis, piramidi za kuingia ndani.

Basi na tuikague nchi hiyo kubwa. Bayek ni baba aliyefiwa na mwanawe, Khemu, na anawasaka waliosababisha kifo hicho. Kwa hiyo Salim aliigiza kwanza baba anayemlilia mtoto, halafu akaandika habari za mtoto anayemlilia baba. Wahakiki wa 2017 waliipokea Misri hiyo kwa furaha, wakampenda Bayek, kisha wengi wakanung'unikia levo. Mchezaji yuko nyuma ya muuaji wa mtoto wake, anafika mlangoni, anakuta maadui wenye alama ya fuvu juu ya vichwa. Hawezi kuwadhuru. Inambidi arudi akafanye kazi za watu wengine, awinde fisi na mamba, akusanye ngozi, mpaka hesabu iruhusu kisasi kuendelea.

Wahakiki waliiita hiyo kero ya uchezaji, wakaiandika kwenye safu ya uchezaji. Lakini ni kasoro ya hadithi! Baba mwenye uchungu hageuki nyuma kwenda kutafuta ngozi za mamba. Kila saa mchezaji anayoitumia kupanda levo, Bayek anakuwa mtu mwingine, mtu asiye na haraka, na hakuna mazungumzo yaliyoandikwa vizuri yanayoweza kumrudisha alipokuwa. Kadiri nchi inavyopanuka ndivyo msiba unavyosahaulika njiani. Februari 2018 Ubisoft yenyewe ilitoa njia ya kuitembelea Misri ile kama jumba la makumbusho, bila mapigano na bila kisasi. Ni kazi nzuri kwa walimu wa historia, na mhadhiri ameitumia darasani. Inaonyesha pia kwamba ramani ile ilikuwa tayari kuishi bila Khemu.

Kuna mahali pamoja ambapo Origins inashinda. Nchi ile ina mizunguko 12 ya mawe, na katika kila mmoja Bayek huinua macho mbinguni, mchezaji akazipanga nyota mpaka umbo litokee, huku baba akikumbuka alivyokuwa akimsimulia mwanawe habari za mbingu. Mkono wa mchezaji unafanya kilekile ambacho moyo wa Bayek unafanya. Wengi huipita mizunguko hiyo, kwa kuwa ulimwengu wazi haumlazimishi mtu kusimama.

Sasa tuvuke mto Ruvuma. Mhadhiri hajaona maelezo bora ya uhusiano wa hadithi na tendo kuliko kitabu cha Paolo Israel kuhusu mapiko, ngoma za vinyago za Wamakonde, In Step with the Times, kilichotoka 2014. Israel alifanya utafiti upande wa Msumbiji, kwenye uwanda wa Mueda. Anaonyesha kwamba mapiko si mabaki ya kale. Vikundi hushindana, kila kizazi hubuni mtindo wake, na uwanja huo umepokea mambo ya ukoloni, ya vita vya ukombozi vilivyoanza 1964, na ya siasa za Frelimo. Watazamaji wake ni wahakiki wakali kuliko gazeti lolote. Hawaulizi kama kinyago kimechongwa vizuri halafu, kando, kama mguu ni mwepesi. Wanaangalia kama kinyago, mguu na ngoma vimekuwa kitu kimoja.

Anayecheza hukivaa kinyago kichwa kizima, kimeinuliwa, akaona kupitia tundu la mdomo. Mwili umefunikwa nguo, njuga zinalia. Hatua zake zinakwenda na mapigo yanayojulikana, na ngoma ikisema jambo ambalo mguu haukulisema, uwanja mzima unajua. Mhadhiri alilelewa na bibi yake upande huu wa mto, na kabla ya jando alifungiwa ndani mapiko yalipotoka. Aliona vumbi na visigino kupitia ufa wa ukuta wa udongo. Baada ya jando alisimama kwenye duara, akawasikia wazee wakimkataa mchezaji hodari kwa neno moja: "Ngoma haimjibu."

Hapo ndipo wahakiki wa Zau walipaswa kuanzia. Wamesema kweli kwamba mapigano yanachosha, na mhadhiri hana sababu ya kuwapinga: maadui wanajirudia, na mbinu iliyofaa saa ya kwanza inafaa karibu hadi mwisho. Ila sababu si uchache wa maadui. Katika kibanda cha gemu mjini Mtwara, kijana mmoja alimwamkia mhadhiri bila kuondoa macho kwenye skrini. "Shikamoo, mwalimu. Hizi barakoa unabadilisha tu, haina kungoja." Alikuwa akitoka jua kwenda mwezi kwa kitufe kimoja, katikati ya ruka, mara nyingi kwa pigano moja. Hakuna kinachodaiwa kwake. Barakoa za babaye Zau zimekuwa silaha mbili mkononi, na uchungu umebaki kwenye mazungumzo.

Halafu kuna mibuyu. Katika safari yake Zau hufika chini ya mbuyu, akaketi, akatafakari habari za baba yake pamoja na Kalunga, na akiinuka uhai wake umeongezeka. Hakuna adui aliyepigwa, hakuna ngozi iliyokusanywa. Kuketi ndiko kunakompa nguvu, na yeyote aliyewahi kukaa matanga pwani hii anaelewa kwa nini. Ukiweka hadithi na uchezaji kwenye safu mbili, mbuyu huu hauna pa kuandikwa. Kwenye uchezaji ni kitufe kimoja tu. Kwenye hadithi ni mazungumzo mafupi. Ukiuhukumu kama wazee wa duarani, ndio kilele cha gemu nzima.

Watetezi wa gemu nao hawakusaidia sana. Salim alilazimika kusema hadharani kuhusu matusi ya kibaguzi yaliyomwagwa juu ya kazi yake, na aliyeyamwaga hastahili jibu la kitaaluma. Lakini kumtetea Zau kwa sababu tu ametoka kwetu ni kumnyima hukumu anayoistahili. Hata BAFTA, ilipoipa gemu hii tuzo mwaka 2025, iliipa ile ya gemu inayovuka burudani. Heshima ni kubwa, na mhadhiri aliifurahia kwa dhati. Ila tuzo hiyo pia inaisifu gemu kwa kile kilicho nje ya kucheza, kana kwamba mbuyu ule haukuchezwa.

Mwaka 2024 haukumalizika vizuri kwa Surgent Studios, kwani ilipunguza wafanyakazi. Hata hivyo ilitangaza kazi nyingine, Project Uso, na safari hii ni gemu ya uhusika kamili. Levo huenda zikarudi, na swali la kwanza la mhakiki liwe ni kitu gani kinampandisha mhusika: idadi ya maadui waliolala chini, au jambo ambalo mhusika mwenyewe angelifanya kwa hali aliyo nayo. Jibu hilo linapatikana ndani ya saa mbili za kucheza, na wahakiki wa Kiswahili wanaweza kuliandika siku gemu itakapotoka, bila kungoja wastani wa alama za wengine.