Mvuto Uliogeuka Chini ya Bonde la Ufa
(Mazungumzo na vikundi vya maji)

Mmeniuliza tangi la maji lijengwe wapi, nami naanza na gunia. Chukueni gunia kuukuu, watu wawili walivute, mmoja mashariki na mwingine magharibi. Litapasuka katikati, kutoka kaskazini kwenda kusini. Sasa wote wawili wasogee, wavute kwa mshazari. Mwaona? Nyuzi zinaanza kukatika mahali pengine.

Bonde letu ni hivyo hivyo. Kuta zake kubwa, kama Elgeyo, Mau na ule wa Nyandarua, zilianza kuumbika mamilioni ya miaka iliyopita, nchi ikivutwa kuelekea mashariki na magharibi. Halafu mvuto ukageuka. Mwaka 1990 mwanajiolojia Manfred Strecker na wenzake walieleza kwamba, katika miaka isiyofika milioni moja, sehemu ya kati ya bonde imevutwa kuelekea kaskazini-magharibi na kusini-mashariki. Nyufa changa ziko sakafuni, kama pale Gilgil, na hazifuati mstari wa kuta za zamani. Si hasara tupu, maana mvuke hupandia kwenye nyufa. Huko Eburru watu wameukusanya, ukipoa wanapata maji ya kunywa.

Lakini msiseme ukuta wa zamani umekufa. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la Subukia, la kipimo cha 6.9 hivi, lilipasua ardhi kama kilomita 38, chini ya ukuta wa Laikipia. Ufa wa siku nyingi, ukaamka.

Na lile shimo la Mai Mahiu la Machi 2018, lililokata barabara ya Narok? Wengi walisema Afrika imekatika siku ile. Hapana. Bonde hupanuka milimita chache tu kwa mwaka. Wanajiolojia wengi walisema ni mvua kubwa iliyosomba udongo wa majivu ya volkano. Hata hivyo kuna waliohama nyumba zao, kwa hiyo jambo si la mzaha.

Basi kabla ya kumwaga zege, waulizeni wazee ni wapi maji ya mvua huzama ghafla, na wapi ardhi imewahi kubonyea kwa mstari mrefu. Hapo msijenge tangi. Sogeeni penye mwamba mzima, hata kama mabomba yatazidi. Chimbeni shimo la kujaribu kwanza, mwone kama chini ni majivu matupu. Na nguzo za kona zitiwe vyuma. Fundi akisema saruji yatosha, mwambieni habari za Subukia.