Masafa ya Pamoja, Karani wa Pamoja: Redio za Jamii na Tarehe za Mwisho



Pamoja FM ilianza kutangaza Kibera, Nairobi, mwaka 2007. Upande wa Kawangware iko Mtaani Radio. Zote mbili zinapatikana kwenye 99.9, masafa yale yale yanayotumiwa na Koch FM ya Korogocho na Ghetto FM ya Pumwani. Vituo hivi vinaishi pamoja kwa sababu mitambo yao ina nguvu ndogo: sauti inatosha mtaa wake, kisha inafifia. Kituo kimoja kikipandisha nguvu kupita kiwango cha leseni, kinamfunika mwenzake. Ndiyo maana kwetu sisi wa redio za jamii masharti ya leseni ni haki ya jirani kabla ya kuwa amri ya serikali.

Leo napendekeza jambo moja. Vituo vinavyogawana masafa vigawane pia karani wa kutunza makaratasi na tarehe.

Mzigo wenyewe hauko mahali pamoja. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya inasimamia leseni ya utangazaji chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano, Sura 411A, na Kanuni za Utangazaji za mwaka 2009. Kuna ada ya kila mwaka, kuna masafa, kuna ripoti kwa vipindi vilivyotajwa katika leseni. Wengi wetu tunadhani tukimalizana na Mamlaka hiyo tumemaliza. Bado. Kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 kina cheti kinachohitaji kuhuishwa kila baada ya miaka miwili. Waandishi wanahitaji kadi za Baraza la Vyombo vya Habari, na hizo ni za kila mwaka. Muziki tunaoucheza una wenyewe, nao wanadai mirabaha.

Halafu kuna kodi, na hapa ndipo vituo vidogo vinaumia. Ukiwa na mwajiriwa hata mmoja, kodi ya mshahara inatakiwa Mamlaka ya Mapato (KRA) kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Michango ya hifadhi ya jamii ya NSSF na ya bima ya afya ya SHA ina tarehe hiyo hiyo. Ukichelewa kuwasilisha ritani ya kodi ya mshahara, faini ni asilimia 25 ya kodi inayodaiwa au shilingi 10,000, kutegemea kipi ni kikubwa. Ritani ya mwaka ya kampuni au shirika ikichelewa, faini haipungui shilingi 20,000. Kwa kampuni kubwa ya utangazaji hizo ni pesa za chai. Kwa kituo kinachonunua tokeni za stima kwa mchango, ni wiki kadhaa za kuwa hewani. Na tusidanganyane kwamba asiye na mapato hana la kuwasilisha. PIN ya KRA ikishasajiliwa kwa aina fulani ya kodi, ritani inatakiwa hata kama ni ya sifuri.

Kwa nini tunachelewa? Sikubali kwamba vijana wetu ni wavivu. Mtangazaji anayefika studio saa kumi na moja alfajiri bila mshahara hana tatizo la nidhamu. Nimekaa na kituo kimoja kuchunguza kwa nini kilikuwa kinapitwa na kila tarehe. Barua zote za leseni zilikuwa zinakwenda kwenye baruapepe binafsi ya meneja wa zamani, aliyekwisha kupata kazi kwingine na kuhama. Nywila ya iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, ilikuwa kwenye simu ya mhasibu wa kujitolea, naye alikuwa amebadilisha laini. Risiti za matangazo madogo, ya saluni na ya shule za chekechea, zilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya meza ya mitambo. Kila kitu kilikuwepo, lakini hakuna mtu aliyejua kilipo. Watu wa kujitolea huondoka, na wakiondoka, kumbukumbu ya kituo huondoka nao.

Kuna mfano wa kutunza kumbukumbu hiyo. Marekani, kila kituo cha redio na televisheni chenye leseni ya nguvu kamili hutakiwa kuweka hadharani, kila robo mwaka, orodha ya masuala ya jamii kiliyoyashughulikia na vipindi vilivyoyazungumzia. Tarehe za mwisho zinajulikana: 10 Januari, 10 Aprili, 10 Julai na 10 Oktoba. Ningependa tuige hilo kwa hiari yetu. Kipindi juu ya maji Makina, Kibera, au taka Gatina, Kawangware, kikiandikwa siku hiyo hiyo katika daftari la matangazo, pamoja na saa, mada na wageni, mwisho wa robo ripoti inakuwa imejiandika. Mfadhili akiuliza, ipo. Mkazi akilalamika, ipo.

Nasisitiza kutunza kumbukumbu na tarehe kwa sababu tunaijua historia yetu. Tarehe 30 Desemba 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tarehe 30 Januari 2018 televisheni kubwa zilizimwa. Siku hatua ya namna hiyo itakapotufikia sisi, nataka tusimame mahakamani tukitetea uhuru wa wasikilizaji wetu, wala tusianze kwa kueleza ada ambayo haikulipwa.

Karani huyo wa pamoja afanye kazi siku moja kwa wiki katika kila kituo. Vituo vinne, siku nne. Ya tano iwe ya kwenda ofisini na kufuatilia majibu. Mshahara wake ugawanywe kulingana na mapato, maana si haki anayepata kidogo alipe sawa na anayepata zaidi. Kila kituo kifungue baruapepe kwa jina la kituo, nywila iwe kwa watu wawili, mmoja wao kutoka bodi. Kalenda ibandikwe ukutani studioni, mahali mtangazaji anapoiona akiwa kwenye maikrofoni, na tarehe 1 ya kila mwezi meneja aseme mbele ya timu nini kinatakiwa tarehe 9. Karani asiwe mwenye kutia saini hundi. Hilo libaki kwa bodi.

Naomba tuanze na hizo baruapepe, wiki hii.