Weusi wa Chuma na Springi ya Cherehani

(Hotuba fupi iliyotolewa mbele ya wahitimu na wanafunzi, Maisaka, Babati)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi za mikono. Mimi ni mtumishi wa serikali. Mchana hushika mafaili, jioni hushika msasa. Nitasema juu ya kuvitia weusi vyuma vidogo, kama skrubu, nati na bawaba, ili visiliwe na kutu.

Nianze na kosa langu. Mwaka 1996, Babati ikiwa bado katika Mkoa wa Arusha, nilikuwa kidato cha pili. Mama yangu alikuwa mshonaji hapa hapa Maisaka. Masika ile cherehani yake ilishika kutu. Nilikuwa nimemwona fundi akipasha chuma moto na kukizamisha katika mafuta, kikatoka cheusi. Nami nikafungua vipande, nikavipasha kwenye jiko la mkaa hadi vikawa vyekundu, nikavizamisha katika mafuta machafu ya gari. Skrubu zilipendeza. Lakini springi ya kukazia uzi ilikatika kama kijiti mama alipoikaza. Sare za watoto wa watu zilikuwa zikimngoja. Mama akasema springi imezeeka, akanunua nyingine. Mimi nikanyamaza.

Baadaye nilielewa. Springi hupewa unyumbufu wake kwa moto wa kipimo. Chuma safi kikipashwa hugeuka manjano, kahawia, zambarau, kisha buluu kwenye nyuzi 300 hivi. Moto wangu ulipita huko kote, na kuzamishwa ghafla kukaifanya springi kuwa ngumu na yenye kuvunjika.

Njia ninayoitumia sasa haihitaji moto mkali. Sugua skrubu kwa msasa, ioshe kwa maji ya moto na sabuni, wala usiiguse tena kwa vidole, maana vidole huacha mafuta. Ipake siki yenye chumvi kidogo, uiache hadi ipate kutu laini ya kahawia. Kisha ichemshe katika maji safi ya mvua kwa nusu saa. Kutu nyekundu hugeuka oksidi nyeusi, ile Fe3O4 ya darasa la kemia. Futa vumbi kwa kitambaa, rudia mara tatu au nne, umalize kwa mafuta ya cherehani. Weusi peke yake hauzuii kutu. Kazi yake ni kuyashika mafuta. Springi usiitie siki; ipake mafuta tu.

Ziko pia dawa za chupa zinazotia weusi bila moto. Nyingi zina chumvi za shaba na seleni, na seleni ni sumu. Vaa glavu, fanyia kazi nje, wala usitumie vyombo vya jikoni. Na bati lililopakwa zinki usilitie motoni kamwe. Moshi wake hudhuru.

Ndugu zangu, nilimweleza mama ukweli nilipohitimu chuo kikuu. Alicheka, akasema: "Nilijua, mwanangu. Ilinuka mafuta ya gari. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Wanafunzi, jaribuni kazi za mikono, na mkiharibu, semeni siku ile ile. Mimi nilimngojesha mama miaka mingi.